Wadudu nisiowajua: shajara ya bustani, wiki ya 1 mpaka ya 11

Wiki ya 1, Jumamosi

Naanza hii shajara kwa aibu kidogo. Juzi jioni nimekuta mdudu kwenye maharage, mgongo kama ngao, rangi ya udongo, nikambana kwa vidole akatoa ile harufu yake nikaendelea na shughuli zangu, sasa usiku niko kitandani ndo ikanijia kwamba mi nalima hapa msimu wa nne na wadudu ninaoweza kuwataja kwa jina hawafiki kumi. Siafu, vidukari, inzi weupe, panzi, nyuki, vunjajungu, alafu basi. Wengine wote wanaitwa "kale kadudu".

Na kila mwaka nasikia habari za wadudu vamizi, wametoka huku wameingia kule, ila ukiniuliza siku wakija kwangu nitawajuaje sina jibu. Hivo mradi wenyewe ni huu: kila Jumamosi natembea bustani nzima (mashina 32 ya nyanya, mistari mitatu ya mahindi, maharage, biringanya chache, mipapai miwili) na kila mdudu nisiyemjua naandika, napiga picha, namtafuta mpaka nimpate jina. Sheria ni moja, nisiyemjua simuui kwanza. Itanitesa hii.

Leo nimehesabu wageni 17. Waliopata jina mpaka sasa hivi saa nne usiku: 3.

Pia nimeandika pembeni: majani ya chini ya nyanya yana mabaka ya kahawia, jua kali hilo.

Wiki ya 1, Jumatano

Kupiga picha mdudu ni kazi kuliko nilivodhani. Simu inashika jani nyuma inamwacha mdudu ukungu mtupu, na ukisogea karibu keshaondoka. Nilichogundua ni kwamba ukimfunika na kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga ukamweka kwenye friji dakika tano hivi anapoa, anatulia, unapata muda wa kumpiga juu, ubavuni, usoni na chini ya tumbo, alafu akipata joto anarudi kwenye mambo yake kama hakuna kilichotokea. Rula iwepo kwenye picha kila mara, maana kwenye picha mdudu wa milimita tano na wa sentimita mbili wanaonekana sawa tu, na nusu ya ubishi wa "huyu ni nani" unaisha ukishajua saizi.

Kingine, andika mmea uliomkuta juu yake. Nilikuwa naona kama usumbufu, kumbe ndo swali la kwanza kila mtu anakuuliza. Wadudu wengi hawali kila kitu, mwingine ana mmea mmoja au ukoo mmoja wa mimea, kwahiyo ukishajua yuko kwenye nini umeshapunguza orodha kwa kiasi kikubwa.

Wiki ya 2

Sheria nimeivunja na nimepata malipo yangu.

Asubuhi nimekuta kwenye maharage wadudu weusi warefu wembamba, wana miguu sita mirefu, mgongo una miiba miiba na alama za rangi ya chungwa, wanatembea kama mamba wadogo. Sura yao mbaya jamani. Nikasema hawa sasa ndo wenyewe, hawa hata kuulizia hakuna haja, nikawaponda tisa. Mmoja nikambakiza kwa ajili ya picha. Mchana naweka picha iNaturalist (mtandao ambao watu wanasaidiana kutambua viumbe), haikupita saa moja nimejibiwa: ni mabuu ya mdudu kibibi, yule wa duara mwekundu mwenye madoa meusi, na walikuwa pale kwasababu maharage yangu yamejaa vidukari. Yaani nimeua tisa waliokuja kunifanyia kazi bure.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nadhani linawakuta wengi, sisi tunamjua mdudu akiwa mkubwa tu. Kibibi kila mtu anamjua, yuko mpaka kwenye vitabu vya watoto, ila buu lake halifanani naye kwa chochote. Nimeenda kutafuta na wengine wenye tabia hiyo nikawabandika kwenye jalada la daftari: buu la yule inzi mwenye mistari kama nyigu anayeelea hewani ni kama kakonokono kasiko na gamba, nalo linakula vidukari, na vile vimayai vinavyokaa juu ya nywele nyembamba kama pini zilizochomekwa kwenye jani vinatoa buu lenye taya kama mkasi, linakula vidukari vilevile.

Wageni 22, wenye majina 9. Nyanya: mabaka yameongezeka kidogo, nimekata majani mabaya nikayatupa kwenye lundo la mboji.

Wiki ya 3

Wiki nzima nimemfuatilia nyigu. Mweusi, mkubwa kama kiungo cha mwisho cha kidole changu, kiuno chembamba kama uzi, anaburuta kiwavi kinachomzidi uzito. Niliingiwa na hofu maana nimesoma habari za nyigu wakubwa kutoka Asia waliofika nchi za mbali wakavamia mizinga ya nyuki, kwahiyo nikawa namvizia na simu siku tatu, mke wangu ananiangalia tu. Jumatano ndo nimepata picha nzuri. Ni nyigu wawindaji wa kawaida kabisa wanaoishi peke yao, jike anamchoma kiwavi sindano anapooza bila kufa, anamwingiza shimoni, anataga yai juu yake anafunga mlango. Buu likitoka linakuta chakula kibichi kinangoja.

Nimekaa nikahesabu, saa sita na nusu nimezitumia kwa mdudu mmoja ambaye yuko upande wangu. Sijutii lakini naandika ili nikumbuke.

Nyanya: sikukagua vizuri leo.

Wiki ya 4

Mpapai wa upande wa ukuta una pamba. Vitu vyeupe vimejaa chini ya majani pale kwenye mishipa na vingine vimeshuka mpaka kwenye matunda, majani ya juu yamejikunja, na chini yake kila kitu kinanata na kumeshaingia ukungu mweusi. Sisimizi wanapanda na kushuka kama wana mkataba. Nikaminya kimoja kwa njiti, ukatoka majimaji ya njano.

Hii ya njano imenisaidia sana, pamoja na kwamba ni mpapai. Hivyo vyeupe ni wadudu, huyu anaitwa Paracoccus marginatus, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Na huko kwao hata hawamhesabu kama tatizo kubwa, na hapo ndo nikaelewa neno vamizi lina maana gani, mdudu hazaliwi vamizi. Kwao ana maadui, kuna vinyigu vidogo kuliko punje ya mchele vinavyotaga ndani ya mwili wake, akisafiri na mche au tunda anafika sehemu ambayo wale maadui hawapo, basi anazaa bila kizuizi. Mwenzake wa kwenye mihogo alifanya hivohivo Afrika miaka ya 1970, mashamba yakaharibika nchi baada ya nchi, mpaka watafiti wakaenda kumtafuta adui yake Amerika Kusini, wakakuta kinyigu huko Paraguay, kikaanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981 na mambo yakabadilika. Kinyigu ambacho ukikiona kwa macho utadhani ni kumbikumbi aliyekosea saizi.

Sasa ubaya ni kwamba sisimizi wanawalinda. Wanataka ule utomvu mtamu unaotoka kwa wale weupe kwahiyo kinyigu au kibibi akija wanamfukuza. Nimefunga kitambaa kwenye shina nikapaka grisi juu yake, sisimizi wamesimama chini wanashauriana, raha kuwaangalia. Majani mawili yaliyozidi nimeyakata, mengine nimepiga maji kwa mpira kwa nguvu.

Katikati ya ile pamba kulikuwa na mweupe mmoja mkubwa kuliko wenzake, ana manyoya marefu ya nta, anatembea haraka. Mkono ukaenda wenyewe kumponda nikakumbuka wale tisa. Nikampiga picha. Jibu: buu la aina ya kibibi anayekula haohao weupe, kajivika nguo zao. Wa aina hiyo anayejulikana zaidi ni Cryptolaemus montrouzieri, asili yake Australia, alipelekwa California mwaka 1891 makusudi kwa kazi hiyo na toka hapo amesambazwa nchi nyingi. Kama wangu ndo huyo basi naye ni mgeni kwenye bustani hii sawa na yule anayemla. Nimemwandika safu gani sasa? Nimeongeza safu mpya, "mgeni, aachwe".

Nyanya: mabaka tena, nadhani namwagilia vibaya.

Wiki ya 5

Mvua. Hakuna kilichoonekana zaidi ya konokono, na konokono si mdudu.

Wiki ya 6

Nimeanza kutoka usiku na tochi, na nashangaa sikuanza mapema, bustani ya saa tatu usiku ni nyingine kabisa.

Kwenye mahindi nilishaona mchana matundu kwenye majani na kitu kama unga wa mbao uliolowa kwenye kikonyo pale katikati. Usiku mwenye unga katoka. Kiwavi wa kahawia, sentimita tatu hivi, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkiani ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Hizo alama mbili zikiwepo pamoja, ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Huyu kwao ni Amerika, akaripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, miaka miwili tu baadaye karibu kila nchi kusini mwa Sahara anayo, 2018 yuko India, 2020 Australia. Nondo wake anaruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akipata upepo, na jike anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani, sasa utamzuia na fensi gani.

Wale viwavijeshi wa zamani, wa kawaida, wanakuja kama jeshi kweli, wanatembea chini kwa makundi wanamaliza nyasi mpaka shamba linabaki miti. Huyu hafanyi hivo. Akikua anakaa peke yake ndani ya kikonyo, maana wanakulana, ukifunua mhindi utakuta mkubwa mmoja tu na ushahidi wa wenzake. Kwahiyo ukitegemea kuona "jeshi" utamkosa huku mahindi yanaisha.

Nimehesabu mahindi 20 mfululizo mara tatu sehemu tofauti: 3, 5, 2. Hii namna ya kuhesabu nimeipenda kuliko kitu chochote kwenye mradi huu mpaka sasa, kwasababu "naona kama wameongezeka" haina maana, 3 kati ya 20 ina maana. Nimeokota kwa mkono, na kwenye mashina sita nimejaza mchanga kwenye kikonyo kama wanavofanya wakulima wengi, nione. Vimayai vyake vinakaa kwa rundo chini ya jani vimefunikwa na kitu kama ukungu wa kijivu, hivyo nimeponda bila kuuliza mtu.

Wiki ya 7

Hapa ndo penyewe.

Jumamosi mchana nimechoka, nimekaa chini kwenye kivuli cha nyanya, jani moja lenye baka liko mbele ya uso wangu na jua linapiga kwa nyuma. Nikaona ndani ya lile baka kitu kinasogea. Ndani, yaani katikati ya ngozi ya juu ya jani na ngozi ya chini, kafunza ka kijani kibichi kanakula huku punje nyeusi za kinyesi zimesukumwa kona. Nikashika jani la pili nikaliinua kwenye mwanga, wawili. La tatu, mmoja.

Nikarudi kwenye daftari. Wiki ya 1: jua kali. Wiki ya 2: nimekata. Wiki ya 3: sikukagua vizuri. Wiki ya 4: maji. Nimemwandika mara nne bila kumwona, huku nimepoteza wiki nzima nyuma ya nyigu mzuri.

Mwanzo nikajipa moyo kwamba labda ni wale inzi wadogo wanaochimba majani, ila wale wanaacha njia nyembamba inayopindapinda kama mtu kachora na kalamu ya chokaa. Hii siyo njia, ni kibaka kipana kama chumba, kinaanza cheupe kinakuwa kahawia. Na kafunza nilipokatoa na kuweka chini ya lenzi kana mstari mweusi mwembamba nyuma ya kichwa. Ni Tuta absoluta, Watanzania wanamwita Kantangaze. (Kwenye majarida ya siku hizi utakuta ameandikwa Phthorimaea absoluta, wanasayansi wamemhamisha jina, mdudu ni yuleyule.)

Safari yake nimeisoma mara mbili. Ametoka Amerika Kusini, alipewa jina la kisayansi mwaka 1917 kwa nondo waliopatikana Peru. Alikaa huko miongo yote hiyo, mwaka 2006 akaonekana Hispania, 2008 Afrika Kaskazini, 2014 Kenya na Tanzania, 2016 Afrika Kusini. Miaka kumi. Jike mmoja hutaga mpaka mayai 260, na kwenye joto la nyuzi 27 kutoka yai mpaka nondo ni kama siku 24, kwahiyo toka wiki ya 1 mpaka leo nimelea kizazi kizima na cha pili kimeanza.

Na nondo wenyewe nilishawaona! Hilo ndo linaniuma. Vile vinondo vya kijivu, milimita sita saba, vinavyoruka jioni ukigusa nyanya ukimwagilia. Nimeviona msimu mzima, na havikuingia kwenye orodha ya "nisiowajua" kwasababu havikuwa na kitu cha kuniangalisha, nikaviona kama vumbi. Orodha yangu ilikuwa ya wadudu wenye rangi.

Mashina yenye mabaka: 19 kati ya 32. Matunda yenye tundu: 14.

Wiki ya 7, Jumatatu

Kosa lingine limejitokeza saa kumi alfajiri nimelala. Yale majani niliyokata wiki ya 2 niliyaweka kwenye mboji. Mboji iko hatua sita toka kwenye nyanya. Funza akishiba anashuka ardhini au anabaki kwenye jani kavu anajigeuza, alafu anatoka nondo, kwahiyo nilichofanya ni kuwahamishia chumba cha pili chenye joto. Nimeifunika lundo zima na nailoni nyeusi, kingo nimekandamiza na mawe.

Majani ya sasa yanaingia kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, nafunga kabisa, naweka juani siku saba. Jana nimeuangalia kwa nje tu, ndani ya mfuko kuna vinondo vitatu vimekufa vimegandana na mvuke.

Wiki ya 8

Nimetundika mtego: kidonge cha mpira chenye harufu ya jike, juu ya beseni la maji yenye sabuni na mafuta kidogo. Usiku wa kwanza 38, wa pili 61, wa tatu 29. Wote madume. Hii inabidi uielewe vizuri kwasababu mtu anaweza kuona beseni limejaa akadhani kashinda, majike wanaendelea kutaga kama kawaida na dume mmoja aliyebaki anawatosha wengi. Kwangu mtego ni wa kuhesabia, siyo wa kuulia.

Dawa niliyokuwa nayo kabatini ni ya kundi la pairethroidi, na huyu mdudu ana sugu dhidi ya hizo sehemu nyingi duniani, na funza mwenyewe yuko ndani ya jani ambako matone hayafiki. Ningeishia kuua wale kibibi niliobakiza. Sijapiga.

Nimetoa taarifa kwa afisa wa kilimo pia, picha nne, tarehe, mmea, idadi. Akasema huyu ameshazoeleka siyo habari mpya, ila alishukuru kwa idadi, na akanipa mfano ambao nimeutafuta nikaukuta ni kweli: yule mdudu ngao wa Asia Mashariki, Halyomorpha halys, alipatikana Allentown, Pennsylvania, Marekani mwaka 1998, ila ametambuliwa rasmi 2001. Hapo katikati watu walikuwa wanamwona kila siku majumbani kwao. Anafanana na wa kwao wa kahawia, nani atamwangalia mara mbili.

Nikamkumbuka yule wangu wa maharage niliyembana wiki ya 1. Sina picha yake.

Wiki ya 9

Kwenye uzio kulikuwa na mnavu umejiotea, nimeinua majani yake juani, mabaka. Biringanya nazo mawili matatu. Kantangaze anapenda nyanya ila ukoo mzima anaufahamu. Mnavu nimeung'oa, biringanya nimeacha ila naangalia.

Mahindi: 2, 1, 2 kati ya 20. Yale sita ya mchanga, mmoja kaharibika, ila sita ni machache mno na nilikuwa naokota kwa mkono muda huohuo kwahiyo siwezi kusema mchanga ndo umefanya kazi.

Mpapai: sisimizi wamepata njia mpya, tawi la jirani lilikuwa limegusa jani. Nimelikata. Weupe wamepungua, na kuna wengine wamekauka wana kitundu kidogo mgongoni, kitundu cha duara safi kabisa, kitu kimetokea humo ndani. Nimekaa nacho na lenzi muda mrefu.

Wiki ya 11

Wiki ya 10 sikuandika, nilikuwa naumwa.

Nyanya zimeisha, nimevuna zilizokuwa salama, mashina yote 32 nimeng'oa na mizizi, nimeyafunga kwenye mifuko juani. Udongo nimeulima juujuu ili walio chini wapate jua na ndege. Hapo hapatapandwa nyanya wala kiazi wala biringanya kwa sasa, naweka maharage na mahindi, na biringanya zilizobaki zinatoka wiki ijayo.

Daftari limefika aina 41, zenye majina 30. Kati ya hao 30 wageni wabaya ni watatu tu, na mmoja yuko kwenye ile safu ya "aachwe". Nimebadilisha pia namna ya kukagua, sasa naanza na majani siyo na wadudu, napita na kuinua kila jani lenye alama nalielekeza kwenye mwanga, wadudu wanafuata baadaye.

Beseni nimeliacha palepale limetundikiwa kidonge kipya, juu ya udongo mtupu. Leo asubuhi kulikuwa na wanne.